Chekechea: Funzo la ng'ambo lahitaji ukili wa nyumbani

MWALIMU wa chekechea anayepata fursa ya kuona jinsi wenzake wa mataifa mengine wanavyofunza hurudi darasani akiwa na maswali mengi kuliko majibu. Ukuaji wake katika taaluma huanzia hapo, wala si kwenye cheti anachokabidhiwa mwishoni mwa kozi.

Mfano bora uko papa hapa nchini. Mapema katika miaka ya 1980, viongozi wa jamii za Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada kwa kuwa watoto wao wengi walikuwa wakiachwa nyuma katika shule za msingi. Walitaka watoto hao wainuke kimasomo pasi na kupoteza dini wala utamaduni wao. Mradi wa shule za chekechea za madrasa ulianza Mombasa mwaka wa 1986, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda.

Mbinu iliyotumiwa ilitoka mbali. HighScope iliasisiwa na David Weikart mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, na chimbuko lake ni utafiti ulioanza mwaka wa 1962 kuhusu watoto 123 weusi wa familia maskini. Kwa mujibu wa mbinu hiyo, mtoto hupanga atakalofanya, hulifanya, kisha husimulia alivyolifanya.

Kwa mwalimu aliyezoea kusimama ubaoni akiwaongoza watoto kughani herufi, huo ulikuwa mtihani. Alitakiwa kunyamaza kidogo, kutazama na kuuliza. Hata hivyo, Bi Swafiya Said, mkufunzi wa kwanza wa mradi huo, pamoja na wenzake hawakuipokea mbinu hiyo kibubusa. Vifuu, makombe ya pwani na vifuniko vya soda viligeuzwa vifaa vya kuhesabia na kuchezea. Nyimbo na hadithi za Waswahili zilifumwa pamoja na mafunzo ya dini. Walimu wenyewe walikuwa wanawake wa mitaa iyo hiyo, wengi wao wasio na elimu ya juu, na wakufunzi waliwafuata hadi darasani kuwaelekeza.

New Zealand nayo ilichapisha mtaala wake wa watoto wadogo, Te Whāriki, mwaka wa 1996. Jina hilo la Kimaori lina maana ya mkeka uliosukwa. Mwalimu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Walimu wa huko huandika visa vifupi kuhusu jinsi mtoto alivyotatua jambo fulani, badala ya kumwekea alama tu. Daftari na kalamu vyatosha kwa kazi hiyo.

Lakini si kila kitu huigika. Mbinu iliyobuniwa kwa darasa dogo lenye watu wazima wawili haiwezi kuhamishwa nzima nzima hadi kwa mwalimu mmoja mwenye watoto hamsini. Isitoshe, tangu Katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kaunti ndizo zinazoajiri walimu hawa, na mafunzo ya kazini hugharimu pesa.

Pia kuna wazazi. Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe amerudi nyumbani bila ukurasa hata mmoja ulioandikwa, mwalimu aliyejifunza kutazama ataweza kumwonyesha vile vifuu na kumweleza mtoto alivyovipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, bila ya kuambiwa na mtu.