Usafi wa mikahawa (2): Herufi ya mlangoni inasema nini?

Wiki iliyopita tulimfuata bwana afya hadi jikoni, tukaona anavyopima joto la friji na anavyogeuza mbao za kukatia nyama. Leo tutoke nje, tusimame mlangoni na mlaji mwenye njaa, ambaye jiko halioni wala hataliona.

Mlaji huyo nilikuwa mimi, jijini New York, nikitembea Queens na mtoto wa dada yangu anayeishi huko. Tulikuwa tumepita milango mitatu minne ya wauza chakula, harufu ya vitunguu na bizari ikinivuta, nikageuka kuingia. Kijana akanishika mkono. “Mjomba, hapa hapana. Hawa wana B.” Akanionyesha kadi dirishani, nyeupe, yenye herufi moja kubwa ya kijani. Hakusema wapishi wake ni wachafu, wala hakusema aliwahi kuumwa tumbo pale. Herufi ilimtosha. Tukasogea mbele kidogo, tukaingia palipokuwa na A ya buluu, tukala wali na kuku.

Usiku ule nilimwomba anifungulie taarifa za ukaguzi kwenye simu, maana jiji lile huziweka wazi mtandaoni, mgahawa kwa mgahawa, kosa kwa kosa. Mgahawa wenye B ulikuwa na alama 16. Ule tuliokula ulikuwa na 12, lakini hizo zilitoka kwenye ukaguzi wa pili. Ukaguzi wa kwanza, wiki chache nyuma, ulikuwa umeukuta na alama zaidi ya 30. Kijana alinyamaza, kisha akauliza: “Sasa mjomba, sisi tumekula kwenye 12 au kwenye 30?”

Ili kumjibu, yabidi kwanza tujue alama hizo zinahesabiwaje. New York ilianza kuweka herufi mlangoni Julai 2010. Kule alama ni za makosa, kwa hiyo nyingi ni mbaya. Kuanzia 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, na 28 kwenda juu ni C. Kila kosa lina uzito wake. Kuku aliyeachwa kwenye joto lisilofaa huvuta alama nyingi kuliko kigae kilichovunjika. Panya hawaandikwi tu kwamba wapo: mkaguzi huinama akahesabu punje za kinyesi chao, na alama hupanda kwa kadiri ya hesabu hiyo.

Mgahawa ukipata A mara ya kwanza, kadi hutundikwa palepale. Usipopata, haupewi herufi siku hiyo. Mkaguzi hurudi baadaye bila kupiga hodi mapema, na alama za safari hiyo ya pili ndizo zinazotoa herufi. Mwenye mgahawa asiporidhika ana haki ya kusikilizwa na baraza, na hadi hapo aweza kutundika kadi inayosema kwamba daraja lake bado halijaamuliwa. Kwa hiyo A niliyoiona Queens ilikuwa ikisema: hawa walipokutwa na makosa, wakapewa muda, walijirekebisha. Habari hiyo ina thamani yake. Ila mpwa wangu alikuwa amesoma jambo jingine kabisa. Alisoma kwamba hapa ni pasafi na pale ni pachafu.

Desturi hii ya herufi ilipata nguvu Los Angeles. Novemba 1997 kituo cha televisheni cha KCBS kilirusha vipindi vilivyopigwa kwa kamera za siri ndani ya majiko ya mikahawa, na watu wakaona yale yanayofanyika mgeni asipokuwepo. Hasira ilikuwa kubwa. Haikupita miezi mitatu, Januari 1998, kaunti ikaanza kutundika madaraja: 90 kwenda juu A, 80 hadi 89 B, 70 hadi 79 C. Jambo ninalopenda msomaji alishike hapa ni kwamba ukaguzi wenyewe haukuwa mpya. Wakaguzi walikuwa wakiingia majikoni na kuandika ripoti miaka yote hiyo. Ripoti zilikuwa zikilala kwenye makabati ya ofisi, na kilichobadilika ni kwamba sasa zilihamia dirishani.

Je, kuhama huko kuliponya matumbo? Mwaka 2003 wachumi wawili, Ginger Zhe Jin na Phillip Leslie, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa baada ya kadi kuanza, waliolazwa hospitalini Los Angeles kwa maradhi ya chakula walipungua kwa takriban asilimia 20. Utafiti huo ulisomwa kila mahali, na miji mingi ikaufanya hoja. Lakini mwaka 2019 Daniel Ho wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliirudia hesabu ile. Wakakuta kwamba kabla ya kadi kuanza, kusini mwa California kulikuwa na mlipuko wa salmonela, ambao baadaye ulififia wenyewe. Walipouondoa kwenye hesabu, hawakuona tena ushahidi kwamba kadi ndizo zilizopunguza wagonjwa.

Ho huyohuyo, katika makala aliyoiandika mwaka 2012, alikuwa ameonyesha udhaifu mwingine. San Diego, ambako herufi zilitumika miaka mingi kabla ya Los Angeles, karibu kila mgahawa una A. Herufi ambayo kila mtu anayo haimsaidii mlaji kuchagua. Na New York, ukizipanga alama zote kwenye mstari, utaona zinajazana kwenye 12 na 13, kisha zinapungua ghafla kwenye 14. Mikahawa haiwezi kuwa na tabia hiyo kwa bahati. Mkaguzi ni binadamu. Akifika kwenye alama ya 13 huku mwenye duka amesimama mbele yake na watoto wa kusomesha, kosa dogo la mwisho huenda asiliandike. Simlaumu sana. Ninachosema ni kwamba tofauti ya A na B mara nyingi hukaa kwenye kalamu yake, wala haikai kwenye sufuria.

Nadhani hata hivyo tatizo kubwa liko kwetu sisi walaji. Tukifikiria mgahawa mchafu tunawaza kinyaa: mende ukutani, meza inayonata, kitambaa cheusi, choo kinachonuka. Kinyaa kina kazi yake mwilini, na mwenye kukidharau atajuta. Lakini kinyaa kinaona kile tu ambacho jicho linaona, na wauaji wakubwa wa chakula hawaonekani.

Chukua wali. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukipikwa asubuhi, ukaachwa kwenye sufuria uvuguvugu hadi jioni, mbegu zile huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali huo waweza kuwa mweupe, wenye kunukia iliki, kwenye sahani inayong'aa, katika ukumbi wenye viyoyozi. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Katikati ya nyuzi hizo ndimo kiporo kinamogeuka sumu. Virusi vya noro navyo hupita kwenye mikono ya mpishi aliyetoka msalani bila sabuni, na vichache tu vyatosha kumwangusha mtu mzima. Hakuna mlaji aliyewahi kuviona kupitia dirishani.

Kusini mwa Wales, mwaka 2005, zaidi ya watu 150, wengi wao watoto wa shule, waliugua kwa bakteria aina ya E. coli O157, na mtoto wa miaka mitano akafa. Chanzo kilikuwa nyama iliyopikwa iliyokuwa ikipelekwa mashuleni. Muuza nyama alikuwa akitumia mashine moja, ile ya kufungia nyama kwenye plastiki kwa kunyonya hewa, kwa nyama mbichi na iliyopikwa. Wakaguzi walikuwa wamefika kwake kabla ya maafa. Profesa Hugh Pennington aliongoza uchunguzi wa umma, na ripoti yake ya mwaka 2009 inasomeka kwa uchungu hadi leo, kwa sababu makosa yaliyotajwa humo yangeweza kuzuilika.

Leo Uingereza yote isipokuwa Scotland, yenye mpango wake, hutoa namba kuanzia 0 hadi 5 kwa kila anayeuza chakula. Wales ilifanya kutundika namba hiyo kuwa sheria tangu Novemba 2013, na Ireland ya Kaskazini ikafuata 2016. England hadi leo ni hiari. Unaweza kukisia kinachotokea: mwenye 5 huibandika kioo kizima, mwenye 1 huiacha kwenye droo. Mlaji akikuta mlango mtupu anadhani hakuna habari, kumbe ule utupu ndio habari yenyewe. Kwangu mimi, hapa England imekosea, na Wales iliyozika mtoto imepatia.

Sheria hizi pia zina macho ya waliozitunga. California iliwahi kuwabana wapishi wa Kichina kwa kutundika bata wa kuokwa dirishani, kama walivyofanya wazee wao, kwa sababu kanuni ilitaka nyama iwe ya moto sana au ya baridi sana. Mwaka 1982 jimbo likabadilisha sheria ili kumruhusu bata huyo. Namkumbuka ninapomwona pweza wa Forodhani, Zanzibar, chini ya taa, au mishkaki inayongoja kwenye sinia. Mkaguzi mwenye orodha iliyoandikwa kwa jiko la kizungu atawaandikia makosa bila hata kuuliza pweza huyo amekaa saa ngapi. Kitu cha kuuliza ni saa, na jibu lake laweza kumwokoa muuzaji kama linavyoweza kumfunga.

Kwetu, ukutani pa hoteli utakuta leseni ya biashara, na mfukoni mwa mpishi cheti cha kupimwa afya, ambacho Kenya na Tanzania hutakiwa kufanywa upya kila miezi sita. Cheti hicho kina historia inayorudi New York. Mwaka 1907 mpishi mmoja mzaliwa wa Ireland, Mary Mallon, aligundulika kubeba vimelea vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, huku familia alizozipikia zikiugua nyumba baada ya nyumba. Alitengwa, akaachiwa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena, na mwaka 1915 akakutwa akipika katika hospitali ya wazazi. Alikufa akiwa bado ametengwa, 1938. Kupima wapishi ni jambo la busara, basi, lakini cheti kinamhusu mtu na siku aliyopimwa. Hakisemi chochote kuhusu maji ya beseni wala friji iliyozimika umeme ulipokatika usiku kucha.

Kwa kukosa herufi, walaji wetu wamejitungia ukaguzi wao. Tunatazama foleni. Tunaangalia kama kuna maji yanayotiririka na sabuni, au beseni moja la kunawia watu kumi. Tunamwamini mama lishe ambaye kabla ya saa tisa alasiri sufuria zake ni tupu. Watu wengi waliosoma huzicheka ishara hizi, nami sizicheki. Sufuria inayoisha mapema haijapata muda wa kupoa, na chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi kimepita kwenye joto linaloua. Ishara inayotudanganya ni ile ya fahari. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, wa kwanza kuzuiwa walikuwa wauza chakula wa barabarani. Miaka miwili baadaye, Nairobi, ugonjwa uleule uliwakumba wageni waliokula kwenye hoteli na kumbi za mikutano, watu ambao hawangekubali kamwe kula kibandani.

Sitaki tuige herufi za New York kama zilivyo. Ningependa kitu cha bei nafuu zaidi: ile karatasi ambayo bwana afya huijaza jikoni, yenye tarehe, joto la friji alilolisoma na makosa aliyoyakuta, nakala yake ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, ya ukaguzi wa kwanza na ya wa pili zikae pamoja. Mlaji ajisomee. Ibandikwe kwenye hoteli ya nyota tano na kwenye banda la bati kwa sheria moja, na anayeiondoa afungiwe.

Mpwa wangu nilimjibu siku mbili baadaye, tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Nilimwambia hatukula kwenye 12 wala kwenye 30. Tulikula siku ya Jumamosi ambayo hakuna aliyeipima. Akacheka, akaniuliza kama kuku yule alikuwa wa moto. Nikakumbuka kwamba alikuwa wa moto kweli, hata nilijiunguza vidole.

Wiki ijayo tutaanzia bombani: maji ya mama lishe yanatoka wapi, yanakaa ndani ya nini, na nani anayapima.