Ukimtibu mmoja tu chumbani, upele utarudi

Iwapo una mwana au binti aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha mbali, bila shaka umeshamnunulia godoro, ndoo na blanketi. Je, umemwuliza atalala chumba kimoja na akina nani?

Chukua mfano wa Kwa Vonza, katika Kaunti ya Kitui. Hapo ndipo lilipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), kilichopata hadhi kamili mwaka 2013. Kama ilivyo vyuoni kote nchini, wanafunzi huishi wawili, watatu au zaidi chumbani. Mara huongezeka mwenzao asiye na kitanda, yule ambaye wanafunzi humwita "pairati", na blanketi likawa la watu wawili.

Hapo upele hupata njia. Huletwa na mdudu mdogo mno, jamii ya utitiri, ambaye jike lake huchimba ngozi na kutaga mayai humo. Huhama ngozi zinapogusana kwa muda. Salamu ya mkono ya haraka si rahisi kuambukiza. Muwasho huzidi usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Wengi huona haya kusema, wakidhani ni ugonjwa wa wachafu. Si kweli. Hata anayeoga mara mbili kwa siku huupata.

Sasa zingatia jambo hili. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza aweza kukaa wiki 2 hadi 6 bila kujikuna, ilhali anaambukiza wengine. Basi yule anayejikuna huenda zahanati, akapona, kisha akaambukizwa tena na mwenzake aliyenyamaza. Hudhani dawa ni mbovu, akanunua nyingine. Pesa ni zako, mzazi!

Wote chumbani, pairati pamoja na mpenzi wakiwemo, wapakwe dawa siku moja, hata wasiojikuna. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikakaa saa 8 hadi 14, na kurudiwa baada ya wiki moja. Mjamzito amwone daktari kwanza.

Na nguo je, katika Ukambani kame ambako maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi? Mdudu huyu akikosa mwili wa mtu hufa kwa siku 2 au 3. Kwa hiyo shuka na nguo zisizoweza kufuliwa kwa maji moto zifungiwe katika ndoo yenye mfuniko, au lile sanduku la bati alilotoka nalo sekondari, zikae wiki nzima bila kuguswa.

Muwasho huenda ukaendelea wiki kadhaa ingawa wadudu wamekufa. Asijipake dawa kila siku kwa sababu hiyo. Lakini akiona vidonda vyenye usaha aende zahanati upesi, kwani bakteria wanaoingilia hapo waweza kudhuru figo.