Picha Inayongoja Mkono wa Mwenzake

Katika somo la sanaa, mazoea yetu ni kumpa kila mtoto karatasi yake, aikamilishe peke yake, kisha mwalimu aisahihishe. Mazoea hayo humzoeza mtoto ustadi wa mkono, lakini hayamfundishi kwamba sanaa yaweza kuwa mazungumzo. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa wasanii wawili waliotengwa na bahari.

Mwaka 1999 Auriea Harvey aliishi New York, Marekani, naye Michaël Samyn aliishi Ubelgiji. Walifahamiana kwa njia ya intaneti kabla ya kuonana ana kwa ana, wakapendana. Badala ya barua za kawaida, kila mmoja alimtengenezea mwenzake ukurasa wa kompyuta wenye picha, maneno na sauti, naye mpokeaji alijibu kwa ukurasa mwingine. Mkusanyo wa kurasa hizo uliitwa skinonskinonskin. Hazikuwa za kutazamwa tu, kwani picha ziliitika mpokeaji aliposogeza kipanya. Hivyo kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ndani ya kazi yake, na kwa nafasi hiyo wakakaribiana. Baadaye waliishi na kufanya kazi pamoja mjini Ghent.

Mbinu hii haihitaji kompyuta. Shule mbili zaweza kuifuata kwa karatasi na penseli. Kwanza, kila mtoto achore njia inayotoka nyumbani kwao, aiache bila mwisho. Pili, karatasi zipelekwe shule ya pili, ambako mwenzake ataiendeleza njia hiyo hadi nyumbani kwake. Tatu, karatasi irudi kwa mwenyewe, naye ajibu kwa mchoro mwingine.

Mwalimu hana budi kuwa na hadhari. Karatasi itakaporudi, huenda mtoto akalia kwamba picha yake imeharibiwa. Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tumepata kumwona mwalimu akichukua kifutio ili amtulize mtoto. Alikuwa na huruma, lakini alikuwa anafuta mkono wa mtoto mwingine. Yafaa amwulize, "Mwenzako ameona nini ambacho wewe hukukiona?" kisha angoje jibu, hata likichelewa. Mtoto atakayejibu swali hilo atakuwa ameanza kumjua mtu ambaye hajapata kumwona, na hilo ndilo lengo la somo.