Jaji Anapotakiwa Kujitoa

Augusto Pinochet, aliyeitawala Chile kwa mkono wa chuma, alikamatwa London Oktoba 1998 kwa ombi la jaji wa Hispania. Novemba 25, majaji watano wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, waliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba hana kinga. Mmoja wa wale watatu alikuwa Lord Hoffmann.

Shirika la Amnesty International lilikuwa limeruhusiwa kushiriki katika shauri hilo, likimpinga Pinochet. Hukumu ilipokwisha kutolewa ndipo mawakili wake wakajua kuwa Hoffmann alikuwa mkurugenzi na mwenyekiti wa kampuni ya hisani ya shirika lilelile. Mwezi haukwisha, malodi wenzake wakaitengua hukumu.

Hakuna aliyesema Hoffmann alipendelea kweli. Hapo ndipo wengi hukosea: hudhani jaji anayejitoa amekiri hila. Mwaka 1852 baraza hilohilo lilitengua uamuzi wa Lord Cottenham kwa kuwa alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji aliyoipa ushindi, huku likikiri kuwa hakuna anayedhani hisa zile zilimyumbisha. Jipya katika kesi ya Pinochet ni kwamba Hoffmann hakuwa na senti ya kupata. Kumbe hata jambo unaloliamini tu laweza kukufanya uwe mdaawa katika kesi unayoiamua.

Machi 1999 majaji saba wapya walimnyima Pinochet kinga, sita kwa mmoja, ingawa walipunguza sana makosa ya kujibu. Je, kurudia kulikuwa kupoteza muda? Mimi nasema hapana. Ushindi wa kwanza ungebaki na doa.

Lakini kujitoa ovyo nako ni kukwepa kazi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Laurean Rugaimukamu, ilitaja sababu tatu za kumkataa jaji: uhasama kati yake na mdaawa, ukaribu wake na upande mmoja, au maslahi yake au ya familia yake katika matokeo. “Simwamini” haimo; ingekuwemo, watu wangechagua majaji kama nyanya sokoni.

Kinachonishangaza ni kwamba ombi la kumkataa jaji kwa kawaida husikilizwa na jaji yuleyule anayekataliwa. Hoffmann hata hilo hakuletewa, maana wenye haki ya kuliomba hawakuambiwa kitu.