Mwavuli wa Mvua Haukushushi

Swali limerudi tena, na kila anayeniuliza hudhani ni wa kwanza: ghorofa likiwaka moto, nikiruka na mwavuli mkubwa kidogo, si nitatua salama? Hutatui.

Lawama kidogo naitupia lugha yetu. Tunasema askari wa miavuli, na kesho yake tunafungua mwavuli mvua ikinyesha, mtu akaamini vyombo hivi ni ndugu wa tumbo moja.

Haya, tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 anaruka kutoka kimo cha mita 9. Bila mwavuli anafika chini kwa kilomita 48 kwa saa. Akiwa na mwavuli wa upana wa mita 1, anafika kwa kilomita 46. Umemwokolea mbili! Tena nimempendelea, nimejifanya mbavu za mwavuli ni nondo. Ulivyo kweli, utapinduka kabla hajapita dirisha la pili. Na msiniambie aruke kutoka juu zaidi ili "hewa ipate muda wa kumkamata". Ataendelea kuongeza kasi mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, na kwa kitambaa kile usawa huo huja karibu na kilomita 110 kwa saa.

"Basi niuongeze mara mbili." Hapo ndipo ninapochoka. Ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo eneo la kitambaa likiwa mara 2, kasi hugawanywa kwa 1.4 tu. Ukitaka nusu, eneo liwe mara 4. Ili ushuke kwa kilomita 20 kwa saa, sawa na kuruka ukuta wa mita moja na nusu, unahitaji eneo mara 30: duara la upana wa mita 5.5. Askari hubeba na mizigo, ndiyo maana parachuti yake ikitandazwa hufika mita 10.

Hata ukubwa una mwisho wake. Februari 2021, NASA ilishusha Perseverance, gari la tani 1, kwenye Mars kwa parachuti ya mita 21.5. Hewa ya kule ni hafifu mno. Parachuti ikaishia kilomita 320 hivi kwa saa, roketi zikamalizia kazi.

Kwa moto, basi: shuka kwa ngazi. Zikijaa moshi, funga mlango, ziba upenyo kwa nguo mbichi, simama dirishani, piga 114 ukiwa Tanzania. Kwa mtoto mwenye hamu ya kujaribu parachuti: leso kuukuu, nyuzi nne, jiwe. Aanze na upana wa sentimita 30, kisha 60, apime muda kwa simu. Kasi itakaribia nusu. Ikiyumba, atoboe tundu dogo katikati. Mfaransa Garnerin aliruka kwa parachuti Paris mwaka 1797 bila tundu hilo, akabembea vibaya hadi chini. Na nimesema jiwe, si paka wa jirani.