Jina la Camp Saio lilitoka wapi?

Wengi wetu wa Lubarika tukipanda Bukavu kwa masomo, tunasikia Camp Saio kila siku. Lakini ni wangapi tunajua Saio ni nini? Si mtu. Ni mji mdogo wa magharibi ya Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo.

Kule ndiko ukubwa wa jenerali Muitaliano Pietro Gazzera uliishia. Kutoka 1929 mpaka 1933 alikuwa waziri wa vita wa Mussolini. Mwaka 1938 akapewa kutawala jimbo la Galla-Sidama, kusini-magharibi ya Ethiopia.

Mwaka 1941, Waingereza walipovunja jeshi la Italia, Gazzera akabaki milimani. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikapitia Sudani, ikakamata Asosa na Gambela mwezi wa tatu. Askari wetu na wabeba mizigo waliteswa na njaa na beriberi. Gazzera alikuwa na watu wengi kuliko wao, ila njia zake zilikuwa zimekatwa. Mwezi wa saba akajisalimisha kwa jenerali Mbelgiji Gilliaert, yeye na maelfu ya askari.

Gazzera alirudi kwao, akafa 1953. Jina lake liko vitabuni, la Gilliaert pia. Na wale waliobeba ile vita mabegani?

Kama kwenu wazee wanasimulia juu ya ndugu aliyeenda vita ya Abisinia, waulize leo. Andika jina lake, na kijiji chake.