Mlima Unaouza Kabichi na Kugawa Maji Bure

Bei ya kabichi katika soko la Ilala, Dar es Salaam, huanza kupangwa baharini. Upepo wa Bahari ya Hindi husukuma mawingu hadi yagote milima ya Usambara. Hapo hayana njia ila kupanda. Yakipanda hupoa, na yakipoa humwaga maji. Amani, iliyo upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lushoto, ng'ambo ya bonde la Lwengera, hupata salio, na salio hilo ndilo linaloninunulia unga. Ukishuka tu hadi Mombo, mgongoni mwa mlima, mvua imekwisha: kuna vumbi, mkonge na mbuzi. Mimi ni mchuuzi wa mboga. Jiografia yangu nimejifunzia juu ya magunia, na nitaieleza hivyohivyo.

Mgeni ukimtajia milima ya Tanzania, atakujibu Kilimanjaro. Huo ni mtoto, umejengwa na volkano juzijuzi kwa hesabu ya miamba. Usambara ni ya ukoo mwingine, Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita huko Kenya na kupinda kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho hadi Udzungwa. Huku hakukulipuka kitu. Ni miamba mikongwe iliyopasuka, mapande mengine yakainuka na mengine yakadidimia. Ndiyo maana ukisimama ukingoni pale Irente unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde huko chini kabisa, na kichwa kinakuzunguka.

Kati ya pande moja na jingine kuna nyika kavu ambayo kiumbe wa msituni haivuki, basi kila mlima ukawa kisiwa chenye wanyama na mimea yake. Mwaka 1991 huko Udzungwa watafiti walimgundua kwale asiyejulikana katika sayansi baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria. Aliyempika, bila shaka, alikuwa akimjua siku nyingi. Usambara nayo ilitoa ua dogo la zambarau ambalo afisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa heshima yake. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Sijasikia kijiji cha Amani kilichowahi kutumiwa mgawo.

Wajerumani walidanganywa na ukijani. Walipoona msitu mnene wa Usambara Mashariki walidhani udongo wake ni wa kutajirisha, wakakata miti na kupanda kahawa. Ikawashinda. Udongo ule ni mchachu na umechujwa na mvua za miaka mingi. Rutuba iko kwenye majani yanayooza juu, na ukiufyeka msitu umeitupa. Chai inapenda uchachu, kwa hiyo ndiyo iliyobaki hadi leo. Fedha waliyoitafuta mlimani waliipata chini kwenye ukame: Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na mwaka huohuo wakaanza kutandika reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Wasambaa wengi waliona afadhali kulima migomba yao kuliko kukata mkonge wa mtu, na mashamba yakajazwa manamba kutoka mbali.

Sasa nije kwenye mali yangu. Kule Lukozi, Mlalo na Soni mkulima ana mashamba ya aina mbili. La mteremkoni husubiri mvua, naye hupanda humo mahindi na maharage. La bondeni ndilo la pesa: kabichi, karoti, viazi, nyanya, hoho, misimu miwili au mitatu kwa mwaka, kwa sababu kuna kijito. Penye kijito kidogo wazee walichimba ndiva, bwawa la kukinga maji usiku kucha ili asubuhi lifunguliwe, na kila mmoja ana zamu yake. Ugomvi wa zamu ya ndiva nimeushuhudia. Ule wa mirathi ni mchezo wa watoto. Ardhi ya bondeni ni chache mno, watu ni wengi, na shamba la baba likigawiwa vijana wanne kila mmoja huondoka na vituta vya kuhesabu kwa vidole.

Mboga haina subira. Ikishakatwa, mkulima hana ghala la baridi wala hana lori. Ana mimi, na mimi nalijua hilo. Ndipo lumbesa inapozaliwa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini gunia la viazi hushonewa kilemba juu hadi linakuwa na mabega, na bei inabaki ya gunia moja. Wachuuzi husema bila lumbesa hawarudishi gharama: kuna vibarua wa kupakia, ushuru wa geti, mafuta, dalali wa mjini, na kilomita 33 za kona kutoka Lushoto hadi Mombo kabla hujaigusa barabara kuu. Yote ni kweli. Hata hivyo kilo zile za juu ni za mkulima, na mizani ingekuwepo kila gulio tusingekuwa na cha kubishania. Jirani zetu wa Taita wanaoshusha mboga Mombasa wanazijua shida hizi vilevile.

Kitu kingine kinachoshuka ni udongo wenyewe. Wakoloni wa Kiingereza waliliona hilo, na mwaka 1946 wakaanzisha mpango huko Mlalo wa kulazimisha watu kulima kwa matuta. Uluguru wakafanya hivyohivyo, wakitaka ngazi zichimbwe kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito na, baya zaidi, kuchimba kule kulifukia udongo mzuri na kuleta juu ule usio na kitu. Watu wakakataa, mwaka 1955 Uluguru ikalipuka kwa ghasia, na chama cha TANU kikapata wafuasi wengi kwa hasira ile. Bibi mmoja wa Mlalo aliniambia, "Mwanangu, tuta halikuwa baya. Ubaya ulikuwa faini." Siku hizi nawaona wajukuu wa waliokataa wakipanda majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta yao wenyewe. Ng'ombe anakula, udongo unashikwa, na hakuna askari.

Msitu nao una biashara zake. Zaidi ya theluthi mbili za msitu wa asili wa Tao la Mashariki zimekwishatoweka, na uliobaki kwa sehemu kubwa uko ndani ya hifadhi, kama ile ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Chini ya kivuli watu wamelima iliki, ingawa iliki hutaka vichaka vifyekwe na miche midogo ya msituni hufa. Wapo waliofuga vipepeo na kuuza pupa wao Ulaya na Marekani, biashara safi isiyokata hata tawi. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo akahesabiwa humo pamoja na twiga. Kwa maoni yangu hapo rungu lilipigwa pasipo nyoka.

Lakini mali kubwa ya milima hii haipandi lori. Tanga hunywa mto Sigi, unaotoka Usambara Mashariki. Dar es Salaam hunywa Ruvu, ambao maji yake mengi hutoka Uluguru, na mwaka 2022 mto ulipopungua jiji liliwekwa kwenye mgawo. Udzungwa inaendesha mitambo ya umeme ya Kihansi, megawati 180. Maji yalipoelekezwa huko, ukungu wa maporomoko ulipotea, jambo lililochangia kumwangamiza chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, asiyepatikana kwingine duniani. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliponea katika bustani za wanyama Marekani, akaanza kurudishwa mwaka 2012, na sasa kuna mabomba ya kumnyunyizia ukungu. Kwa hiyo kulipia maji ya mlima tunaweza, tukishabanwa.

Na malipo hayo yamewahi kujaribiwa kwa binadamu. Huko Kibungo, Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambapo watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, DAWASCO, kampuni ya maji ya jiji wakati huo, ikiwa mmoja wao, walichangia fedha kwa wakulima wanaochimba ngazi na kupanda miti ili mto ushuke safi. Fedha haikuwa nyingi. Mimi ningeiweka ndani ya bili: kila anayelipa maji Tanga au Dar es Salaam aone mstari mmoja wa mlimani, na kiasi kile kiende kwa kamati ya kijiji iliyo kwenye chanzo. Mwenye nyumba wangu wa Ilala alipolisikia wazo hili alisema bili tayari ni kubwa. Nilimwuliza kama anajua maji yake yanatoka wapi, akanionyesha bomba.